Pinboli Inayosahau: Kutoa Betri, Kuweka Chipu ya Kudumu na Kulitafuta Kosa Lilipo

Kila aliyelelewa na redio ya betri kubwa anaijua ile siku. Redio imekaa juu ya kabati miezi bila kuwashwa, mtu anafungua mgongo wake atie betri mpya, anakuta springi zimeota unga mweupe na kijani, na waya umekatikia kwenye mzizi. Betri zenyewe tulikuwa tumezianika juani mara tatu nne ili zipate nguvu, na kila mara tulizisogeza karibu zaidi na kuvuja. Redio ile ilipona kwa springi mpya na kipande cha waya. Mashine ya pinboli, ule mchezo wa sarafu wa kupiga mpira wa chuma ndani ya meza yenye kioo, ikiwa ya miaka ya 1980 haiponi kirahisi hivyo, kwa sababu waliokuwa wakiiunda kule Chicago, yaani kampuni za Bally, Stern, Gottlieb na Williams, waliziweka betri zake juu ya bodi kuu yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye chipu zinazoendesha mchezo mzima.

Betri zile zina kazi moja tu. Zinailisha chipu ndogo ya kumbukumbu wakati mashine imezimwa, ili isisahau rekodi za juu, bei ya mchezo, idadi ya mipira, hesabu za sarafu na mipangilio mingine ya mwenye mashine. Siku hizi kuna chipu za kudumu zinazokumbuka bila umeme wowote. Unaitoa chipu ya zamani, unaweka ya kudumu, unatoa betri, na hatari ya kuvuja inaondoka. Ni kazi nzuri na ninaipendekeza kwa kila mwenye mashine ya aina hii. Ila watu wanapoifanya na mambo yakaenda kombo, wengi huilaumu chipu mpya. Kwa bodi zilizopita mikononi mwangu, mara nyingi chipu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa jeraha ambalo betri ililiacha kabla haijatolewa, au umeme mbovu wa volti 5, au soketi iliyochoka. Chipu ya kudumu inatibu ugonjwa mmoja, nao ni kusahau. Mengine yote lazima uyatafute mwenyewe, kwa mita mkononi.

Bodi yako ni ipi?

Hili lijibiwe kabla ya kununua chochote. Bally za kuanzia 1977 hadi katikati ya miaka ya 1980 zina betri ya nikeli-kadimiamu ya volti 3.6 iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na kumbukumbu yao ni chipu 5101 iliyo mahali palipoandikwa U8. Stern Electronics za wakati huo zinafanana nazo sana, ila bodi yao ya MPU-200 ina 5101 mbili, kwa hiyo chipu moja haitoshi. Gottlieb za System 1 na System 80 nazo zina betri ya kulehemu. Williams waliweka betri tatu za AA: mfumo wao wa System 3 hadi 7 unatumia 5101, System 11 unatumia 6116 iliyo U25, na WPC, uliotoka kati ya 1990 na 1999, unatumia chipu ya miguu 28 iliyo U8, kwa kawaida 6264.

Chipu 5101 ina miguu 22 na hubeba biti nne tu kwa kila anwani. Umbo hilo limepitwa na wakati, kwa hiyo badala yake huwa adapta, yaani kipande kidogo cha bodi chenye miguu 22 chini na chipu ya kisasa juu. Hata kwa 6264 ni hivyohivyo mara nyingi, kwa sababu chipu ya kudumu kama FM16W08, ya teknolojia iitwayo FRAM, hutengenezwa katika umbo la kubandikwa juu ya bodi, si la miguu ya kupenya.

Na kabla hujagusa, zima mashine na uchomoe plagi ukutani. Bally za enzi hizo zina volti 190 za mkondo wa moja kwa moja (DC) kwa ajili ya taa za namba, na kapasita huweza kushikilia umeme huo kwa muda baada ya kuzima. Toa bodi nje, ifanyie kazi mezani.

"Inasahau, na betri ni mpya"

Usikimbilie kuagiza chipu. Pima kwanza, kwa sababu vipimo hivi vitatu vitakuonyesha hali ya bodi utakayoiwekea hiyo chipu.

Mashine ikiwa imezimwa, pima betri tatu za AA kwa pamoja. Zikiwa nzima utapata volti 4.5 au zaidi kidogo. Kisha pima kwenye mguu wa umeme wa chipu ya kumbukumbu: mguu wa 22 kwa 5101, wa 24 kwa 6116, wa 28 kwa 6264. Hapo utarajie pungufu kidogo, karibu volti 4, kwa kuwa katikati kuna diodi, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ukipata 4.5 kwenye betri na sifuri kwenye mguu, basi diodi imekufa, au kishikio cha betri kimeota kutu, au njia ya shaba imekatika kati ya hapo. Mara nyingi ni kishikio. Vipande vyake vya bati vinaweza kuonekana safi kwa juu huku mahali vilipofungwa pameoza kwa chini.

Kipimo cha tatu ndicho ambacho watu hukisahau. Toa betri zote, washa mashine, pima kwenye vishikio vitupu. Mita ikisoma karibu volti 5, diodi imepitisha umeme kinyume, na mashine imekuwa ikizichaji betri za AA ambazo hazikuumbwa kuchajiwa. Betri za namna hiyo huvuja haraka kuliko kawaida. Ukikuta hivyo, chunguza bodi kwa makini hata kama kwa macho inaonekana safi.

Kwa Bally na Gottlieb hali ni tofauti, kwa sababu betri yao iliumbwa kuchajiwa na mashine inaichaji kila inapowashwa. Lakini betri ya nikeli-kadimiamu ya miaka arobaini na ushee, hata ikiwa bado inashika chaji, haifai kubaki juu ya bodi hata siku moja zaidi. Ikate leo, kabla ya kuamua lingine lolote. Mashine itaendelea kuchezeka bila kukumbuka.

Unga wa kijani

Hapa ndipo bodi nyingi zinapofia, na sehemu hii isomwe polepole.

Kinachotoka kwenye betri za alikali na za nikeli-kadimiamu ni hidroksidi ya potasiamu. Hiyo ni besi, si asidi. Mtu aliyezoea betri ya gari atakimbilia magadi ya kuokea, na magadi hayatamsaidia hapa, kwa kuwa huzimua asidi. Besi huzimuliwa na asidi hafifu, nayo unayo jikoni: siki nyeupe. Toa chipu zote zilizo kwenye soketi katika eneo lililoathirika. Sugua kwa siki na mswaki mgumu mpaka povu likome. Suuza kwa maji safi mengi, halafu spiriti ili kuondoa maji. Acha bodi ikauke kabisa, usiku mzima ukiweza.

Huo ni mwanzo tu. Siki inazuia ulaji kuendelea, lakini hairudishi shaba iliyokwisha kuliwa. Angalia rangi ya njia zilizo chini ya ile rangi ya kijani ya bodi. Njia nzima inang'aa kupitia rangi hiyo, na iliyoathirika huonekana nyeusi au kahawia. Kwaruza rangi hapo kwa msasa laini mpaka uone shaba ya waridi. Shaba ikibaki nyeusi hata baada ya kukwaruza, risasi haitashika, na kiungo unachokilehemu juu yake kitaachia baada ya wiki chache. Fuata weusi mpaka unapoishia, kisha nenda sentimita moja mbele. Sumu hii hutambaa chini ya rangi na hupanda ndani ya waya kwa mvuto wa nyuzinyuzi, ndiyo maana unaweza kukuta plagi iliyo mbali na betri ikiwa imeoza.

Kila kilichoguswa na unga wa kijani kitolewe: vipinga, diodi, transista ndogo, na soketi. Hasa soketi. Kwa juu utaona mashimo masafi, ukiilehemua utakuta miguu yake chini imebaki nyuzi. Niliwahi kuletewa bodi ya Bally ambayo mwenyewe alikuwa ameweka chipu ya kudumu kwa usafi mkubwa, viungo vinang'aa. Ilifanya kazi wiki tatu, ikafa. Alikuwa tayari kuirudisha chipu dukani. Tulipoinua soketi ya jirani tukakuta kipinga kimoja cha sehemu inayoiamsha prosesa kimeliwa mguu mpaka ukabaki unene wa unywele. Joto la mashine lilikuwa linautanua na kuubana, siku moja ukaachana. Kwenye Bally, sehemu hiyo ya kuamsha imekaa jirani na betri, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuumia, na ikiumia prosesa haianzi kabisa.

Kwa Gottlieb System 1 naongeza tahadhari. Bodi hiyo imejengwa juu ya chipu maalumu za Rockwell ambazo haziuzwi tena mpya. Betri ikivujia hapo, huenda usiwe na cha kubadilisha. Kama unayo mashine ya namna hiyo na betri ya asili bado ipo, acha kusoma, nenda kaikate.

"Nimeweka chipu, mashine imekufa"

Imekuwa ikifanya kazi asubuhi, umebadilisha chipu, sasa skrini giza. Basi kosa liko kwenye kazi ya leo, na kuna mambo manne ya kutazama.

La kwanza ni mwelekeo. Kila chipu ina kibonyeo upande mmoja, na bodi imechorwa kibonyeo hicho. Kwenye adapta usitazame chipu iliyo juu, maana huenda imelazwa upande mwingine kabisa. Tazama alama ya adapta yenyewe. Ukiwasha ikiwa kinyume, zima mara moja na uguse. Ikiwa moto, inaweza kuwa imeharibika.

La pili ni mguu uliojikunja chini ya soketi. Hauonekani kwa juu. Chomoa uangalie.

La tatu ni tundu lililong'oka. Chipu ya zamani ikiwa imelehemiwa bila soketi, usijaribu kuiokoa. Kata miguu yake yote kwa koleo ndogo karibu na mwili, ondoa mwili, kisha pasha mguu mmoja mmoja na uuvute kwa kibano ukiwa umelainika. Wanaojaribu kuitoa chipu nzima huvuta na pete ya shaba iliyo ndani ya tundu, na pete hiyo ndiyo iliyokuwa inaunganisha juu na chini ya bodi. Baada ya kuweka soketi, chukua mita na ufuate kila mguu mpaka mahali panapofuata kwenye mchoro. Miguu 22 au 28 si mingi. Ni dakika kumi na tano zinazookoa siku mbili.

La nne ni soketi za zamani zilizokuwepo tangu kiwandani. Williams za System 3 hadi 7 na baadhi ya Bally zina soketi za chapa ya Scanbe ambazo zimechoka karibu zote. Ukichomoa chipu iliyokaa humo miaka arobaini na kuweka yenye miguu myembamba zaidi, haishiki. Dalili yake ni kwamba ukiibonyeza kwa kidole mashine inaamka. Badilisha soketi.

Bally inakusaidia zaidi ya wengine wote katika hali hii. Kwenye bodi kuu kuna taa ndogo nyekundu. Ukiwasha, inametameta kidogo kuonyesha kwamba prosesa imeamka, kisha inamulika mara saba, na kila mmuliko ni jaribio lililofaulu: programu, kumbukumbu ya U7, kumbukumbu ya U8, halafu U10, U11, saa ya taa za namba, na mwisho umeme wa koili, zile sumaku za umeme zinazoupiga mpira. Hesabu. Ikimulika mara mbili ikaacha, imekwama kwenye U8, yaani hapo hapo ulipofanya kazi: rudia mambo manne ya juu. Ikiacha baada ya mmuliko wa nne au wa tano, U8 imekwishapita na chipu yako ni nzima, kwa hiyo tafuta kwingine. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzimika, prosesa haijaamka, na mashaka ya kwanza yawe kwenye ile sehemu iliyoliwa na betri. Stern za MPU-100 na MPU-200 hufuata desturi hiyohiyo.

Kuna chanzo cha tano kwa wanaojitengenezea adapta wenyewe. Kumbukumbu ya zamani inakubali mstari wake wa kuiwezesha ubaki umeshushwa huku anwani zikibadilika. FRAM haikubali. Inaishika anwani pale mstari huo unaposhuka, kisha haisikilizi tena mpaka mstari upande na kushuka upya. Bodi iliyoushikilia mstari chini muda wote itasoma kitu kilekile kwa kila anwani, na jaribio la kumbukumbu litashindwa. Ndiyo maana chipu moja inaweza kufanya kazi kwenye mashine hii na kukataa kwenye ile. Adapta zilizoundwa kwa ajili ya bodi fulani zimekwisha kulizingatia hilo. Nunua iliyotajwa kwa jina la mfumo wako.

"Kila nikiwasha inaanzia kwenye hesabu"

Mara ya kwanza hii ni kawaida kabisa. Chipu mpya haina kitu ndani yake au ina takataka za kiwandani. Mashine inalinganisha alama zake za uhakiki, inaona hazipatani, inaingia kwenye hali ya mwenye mashine. Williams System 3 hadi 7 huonyesha 04 na 00 kwenye vioo vya namba na hakuna mchezo unaoanza. WPC huandika kwenye skrini FACTORY SETTINGS RESTORED. System 11 inaweza kuonyesha ADJUST FAILURE.

Tiba ni mlango wa sarafu. Ufungue, zima mashine, washa tena mlango ukiwa wazi. Williams hawa walifunga sehemu ya kumbukumbu yenye mipangilio kwa swichi ya mlango, ili asiyekuwa na ufunguo asiweze kubadilisha bei. Mlango ukiwa umefungwa, mashine inaona takataka lakini hairuhusiwi kuandika sahihi juu yake, ikabaki inazunguka palepale. Nimewahi kumwona mtu akibadilisha chipu tatu kwa sababu hii, na zote tatu zilikuwa nzima.

Ikiwa mlango uko wazi na bado inarudia kila mara, kufuli hilo limekwama. Pima swichi ya mlango, kisha waya wake mpaka kwenye bodi, kisha zile chipu ndogo za mantiki zinazotafsiri ishara yake. Waya huo ni mwembamba na hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, kwa hiyo hukatikia ndani ya ngozi yake bila kuonekana. Ukiwa salama hapo, ndipo urudi kuitazama chipu: pima mwendelezo kwenye mstari wake wa kuandika. Mstari wa kusoma ukiwa mzima na wa kuandika umekatika, mashine itasoma kumbukumbu tupu milele.

"Inakumbuka siku nyingine, siku nyingine inasahau"

Hii ndiyo dalili inayochosha zaidi, na inahitaji subira.

Anza kwa jaribio la kweli. Badilisha jambo moja dogo, kwa mfano idadi ya mipira kutoka mitatu hadi mitano. Zima, na usiwashe mpaka kesho. Kuzima na kuwasha papo hapo hakuthibitishi kitu, kwa sababu hata chipu ya zamani isiyo na betri huweza kukumbuka kwa muda kwa chaji iliyobaki kwenye kapasita za bodi. Ikikumbuka baada ya usiku mzima, chipu inafanya kazi yake na kosa ni la wakati wa kuzima au kuwasha.

Fikiria kinachotokea unapobonyeza swichi ya kuzima. Volti 5 hazianguki ghafla. Zinateremka kwa muda mfupi, na katika mteremko huo prosesa bado inaenda lakini haijui tena inachofanya. Inaweza kuandika popote. Bodi ina kilinzi cha kuisimamisha kabla haijafika huko, kwenye WPC ni kijichipu MC34064 kilicho U10, kinachokata volti zikishuka karibu na 4.6. Kilinzi hicho kikichelewa, takataka inaandikwa, na takataka iliyoandikwa kwenye chipu ya kudumu nayo inakuwa ya kudumu.

Kwa hiyo pima volti 5 kwenye bodi yenyewe, si kwenye bodi ya umeme, mashine ikiwa imewashwa na mtu anacheza. Nataka kuona kati ya 4.9 na 5.1. Ikishuka kila vipigio (mikono inayourudisha mpira) vinapopigwa, una ugonjwa mwingine. Kwenye WPC waliozoea huenda moja kwa moja kwenye daraja la diodi BR2 na kapasita C5 ya bodi ya nguvu, ile ya mikrofaradi 15,000, pamoja na plagi zilizoungua za waya wa umeme. Mashine inayojizima na kujiwasha katikati ya mchezo na hapo hapo ikapoteza rekodi haina tatizo la kumbukumbu.

Halafu pima tena mguu wa umeme wa chipu, mashine ikiwa imewashwa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chipu hupokea volti 5 kupitia diodi, na fundi wa zamani akiwa ameweka diodi ya kawaida badala ya ile yenye upotevu mdogo, unaweza kukuta 4.3 tu. FM16W08 haijali, inafanya kazi kuanzia volti 2.7. Lakini kuna aina nyingine ya chipu za kudumu ambayo ndani yake ni kumbukumbu ya kawaida yenye kivuli chake, na hunakili yote kwenye kivuli pale inapoona umeme unakatika. Aina hiyo huhitaji volti 4.5 na kuendelea. Ikipewa 4.3 inadhani mashine inazimwa kila wakati. Diodi ya senti chache inamfanya mtu aitupe chipu nzima.

Kuna wasiwasi mmoja ninaoulizwa, kwamba FRAM itachoka kwa kusomwa sana, kwa kuwa kila kusoma ndani yake ni kufuta na kuandika upya. FM16W08 imekadiriwa kuhimili mara trilioni 100. Anwani moja ikiguswa mara 10,000 kila sekunde, usiku na mchana bila kuzimwa, inahitaji zaidi ya miaka 300 kufika hapo. Usilale macho kwa hilo.

"Namba zake hazieleweki, na michezo ya bure inamwagika"

Ni Bally au Stern ya zamani, na hakuna kilichoharibika. Mashine hizi haziweki mipangilio ya kiwandani zenyewe zinapokuta chipu ngeni. Zinaamini kilichomo. Rekodi inaweza kusomeka upuuzi, na alama za kuzawadia mchezo wa bure zikiwa chini sana, kigongeo cha zawadi kinagonga bila kukoma. Bonyeza kitufe cha kujipima kilicho ndani ya mlango wa sarafu mpaka upite majaribio ya taa na koili, ufike kwenye hesabu. Pitia moja baada ya nyingine, na inayohitaji sifuri uifute kwa kitufe S33 kilicho kwenye bodi kuu. Alama za zawadi ziweke kama kadi ya maelekezo ya mashine hiyo inavyosema. Kazi hii inafanywa mara moja tu, kisha chipu itazishika.

"Chipu iko sawa ila swichi zimechanganyikiwa"

Kwenye WPC, betri ziko juu ya chipu zinazosoma swichi za uwanja. Matone yanaangukia U20, ambayo ni ULN2803 ya safu wima, na LM339 za safu mlalo. Mpira unagusa shabaha moja, mashine inasajili tatu, au ripoti inasema safu nzima imegusa ardhi. Kwa kuwa uliitoa bodi kwa ajili ya kumbukumbu, unafikiri umeiharibu. Chomoa plagi za swichi kwenye bodi na uingie kwenye jaribio la swichi. Kosa likibaki hata plagi zikiwa nje, liko kwenye bodi, na ni lile lile unga wa kijani. Likiondoka, liko kwenye uwanja wa mchezo.

"Saa yake iko nyuma"

WPC ina saa na tarehe, na saa hiyo ilikuwa inalishwa na betri zilezile. Chipu ya kudumu inahifadhi data, haihesabu sekunde. Ukizima mashine saa inasimama. Michezo michache ya mfumo huo ina tukio linalotokea usiku wa manane kwa saa ya mashine, na mihuri ya tarehe za rekodi itakuwa na makosa. Mimi naikubali hasara hiyo. Asiyeweza kuikubali aweke kishikio cha betri mbali na bodi, kwa waya, chini kabisa ya kabati la nyuma, ili zikivuja zivujie mbao.

"Ilikuwa nzima miaka mingi, sasa imesahau tena"

Soma jina la chipu. Ikiwa DS1225, na ni nene kuliko chipu nyingine zote kwenye bodi, basi aliyekuwekea aliweka chipu yenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani ya plastiki. Mtengenezaji wake alitoa ahadi ya miaka 10 bila umeme, na muda huo umepita. Haitavuja juu ya bodi, lakini haichajiki na haifunguliki. Itoe, weka FRAM kwenye soketi hiyohiyo, fungua mlango wa sarafu, washa.